Herufi Nane

"N," alisema Alliance, kidole kikiwa juu ya kioo cha simu. "N ndogo."

"N ndogo." Mama Cansilde akaibonyeza kwa ukucha kama anayeua kiroboto. "Haya, endelea."

Walikuwa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, hatua chache kutoka ziwani, simu mbili zikiwa mezani kati yao. Mama Cansilde, mgeni wa chumba namba nne, alikuwa amefika Gisenyi asubuhi kununua vitenge. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa juzi huko Bruxelles, na bibi alitaka kumwona leo hii, si kesho. Wageni wote waliingia kwenye mtandao kwa kupiga picha kadi iliyobandikwa kaunta, yenye mraba wa vidoadoa vyeusi. Lakini kamera ya mama Cansilde ilikuwa imepasuka tangu mwaka jana. Yeye alihitaji neno la siri lenyewe, herufi kwa herufi.

Basi Alliance, mhudumu wa kaunta, akafungua simu yake mwenyewe, akaenda kwenye mipangilio, akagusa jina la mtandao, akabonyeza palipoandikwa *Partager*, yaani shirikisha, akaweka kidole gumba ili simu imtambue. Mraba ukatokea. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo zilizobanana kama siafu njiani.

Hakuwa amewahi kufika ukurasa huo. Hakutaka, kwa sababu neno hilo lilikuwa la Gad.

Gad alikutana naye kwenye foleni ya mpaka mdogo, saa mbili asubuhi, wanawake wenye mabeseni ya nyanya wakisukumana mbele na nyuma. Alliance alikuwa anatoka Goma kwa shangazi yake aliyemwita tantine, amevaa kitenge cha kijani chenye mikia ya tausi. Ghafla kitenge kikavutwa. Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe limefungwa hadi kifungo cha mwisho, alikuwa na mzingo wa waya begani, na ncha ya waya ule imenasa kwenye pindo lake.

"We! Unanivuta kama mbuzi?"

"Pardon, dada. Usitembee. Ukitembea tunafika wote Kigali."

Watu walicheka. Alipiga goti palepale vumbini akaunasua waya polepole, uzi kwa uzi, wala hakukata hata mmoja. Foleni ikawapita. Alipomaliza alimuuliza anafanya kazi wapi, na wiki iliyofuata alikuja na ngazi kuweka mtandao katika nyumba hiyohiyo ya wageni. Hakuna shule iliyomfundisha kazi ile. Alijifunza kwa kufungua mashine mbovu na kuandika alichokiona. Kila jambo alilifanya kwa zamu yake. Hata mapenzi: alisubiri miezi miwili ndipo akamshika mkono.

Kitu kimoja tu alikificha. Kadi ya kaunta aliikata chini kwa mkasi, neno likaondoka, ukabaki mraba peke yake. Na siku mwenye nyumba aliponunua televisheni mpya, Gad aliandika neno la siri akiwa ameipa kaunta mgongo.

"Neno ni gani?" Alliance aliuliza.

"Tafuta, chérie. Iko mu simu yako."

"Unanificha?"

"Sikufichi. Tafuta we mwenyewe."

Alikuwa anatabasamu, na tabasamu ndilo lililoharibu. Mwanaume wa kwanza wa Alliance alikuwa na simu mbili, na alitabasamu hivyohivyo kila alipoulizwa kuhusu ile ya pili. "Bon," Alliance alisema. "Neno lako lina jina la mwanamke. Kaa nalo." Jioni ile akavuka mpaka kwenda kwa tantine, akakaa wiki nzima. Aliporudi, Gad alikuwa amehamia Rubona, mji wa jirani kando ya ziwa. Sasa ilikuwa miezi mitatu.

"I," alisema Alliance. "K. U."

"Polepole, binti yangu. U."

"O. E."

Mama Cansilde aliinua kichwa, akaitazama simu yake, kisha akapasuka kicheko hadi kilemba kikalegea. "Nikuoe! Yewe! Nani anioe kwa umri huu? Mtandao wenu hauna adabu."

Alliance naye akacheka. "Ngoja, haijaisha. A. L. L..."

Kidole chake kikasimama.

Herufi zilizobaki aliziona zote kwa mara moja, kama mtu anavyouona uso wake kwenye kioo cha duka akiwa anapita tu. Jina lake. *nikuoealliance*.

Mama Cansilde aliacha kucheka. Alikuwa mtu mzima, hakuuliza.

"Malizia we mwenyewe, mama," Alliance akasema kwa sauti ndogo. "Ni jina langu. L mbili."

Simu ya bibi ikashika mtandao. Dakika moja baadaye mtoto mwekundu, macho bado yamefumba, alijaza kioo chote, na bibi akaanza kumwita kwa majina ya ukoo mzima. Alliance hakusikia. Alikuwa ameinua macho kukitazama kisanduku cheupe cha mtandao juu ya mlango, vitaa vyake vitatu vya kijani vikipepesa. Miezi kumi na sita. Watalii waliotuma picha za ziwa, madereva waliongoja mabosi, maharusi wa chumba namba saba, wote walikuwa wamepita ndani ya swali la Gad. Lilipenya kuta. Lilivuka bustani. Na kila asubuhi, Alliance alipofika getini, simu yake mfukoni ililitamka swali hilo kimyakimya, na mlango ukafunguliwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelibeba, mamia ya siku, bila kulisikia hata mara moja.

Akachukua daftari la kaunta ambamo Gad alikuwa ameandika, kwa mwandiko ulionyooka, hatua za kufuata mtandao ukisumbua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye hatua ya sita paliandikwa: *Hapa unaweka neno jipya.*

Akazifuata zote kwenye simu yake, na alipofika ya sita akaandika: *ndiyo*.

Mashine ikakataa. Ilitaka herufi nane au zaidi. Alliance akahesabu kwa vidole: tano. Zinapungua tatu. Akakaa akiitazama nafasi ile tupu, halafu akaongeza jina la mtu, na jina likatosha kabisa.

Vitaa vikazimika, vikawaka.

"Binti!" mama Cansilde alipiga kelele barazani. "Mutoto amekatika! Alikuwa anapiga muayo!"

"Nisamehe, mama. Dakika kidogo." Alikuwa tayari amepiga simu.

"Allô?" Nyuma ya sauti ya Gad kulisikika kreti za chupa zikigongana.

"Gad."

"Iko nini?"

"Mtandao umekataa watu wote. Kuja."

"Daftari unalo. Fuata hatua ya..."

"Nimezifuata. Kuja, nakuomba."

Alifika kwa pikipiki baada ya nusu saa, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho, vumbi kwenye nyusi. Hakumtazama Alliance. Alitoa simu yake, akaisogeza karibu na kisanduku, akakunja uso.

"Neno limebadilishwa."

"Ni mi nimebadilisha."

"Umeweka gani?"

"Tafuta. Iko mu simu yangu." Akabonyeza *Partager*, akaweka kidole, akampa.

Gad alisoma. Akasoma tena. Taratibu akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Herufi nane," akasema mwishowe.

"Tano ilikataa."

"Siku ile nilikupigia mara tisa, Alliance. Nilitaka kukuambia fungua ukurasa, usome."

"Niliweka kadi ya simu ya Congo. Ile ya Rwanda ilikuwa mu pochi wiki nzima." Akaketi kando yake. "Nikasema haukunitafuta."

"Nami nikasema umesoma, ukakataa."

Gad alikuwa bado ameishika simu kwa mikono miwili, kama kikombe kilichojaa.

"Nyie wawili," mama Cansilde akaita, "mjukuu wangu ananingoja!"

Gad akaenda kupiga goti mbele yake. "N ndogo, mama."

"Hiyo naijua."

"D. I. Y. O."

Kidole cha bibi kikaganda. Akamtazama kijana, akamtazama Alliance, kilemba kikaanguka kabisa. "Yewe, Mungu wangu," akanong'ona. "Inajibu."

Waliunganisha simu yake, na ya mpishi, na ya dereva wa chumba namba mbili. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya vilima vya ng'ambo, na zilibaki simu kumi na moja na televisheni. Gad akachomoa mkasi mkobani ili atengeneze kadi mpya ya kaunta.

Alliance akauchukua mkasi ule, akautia kwenye droo.

"Kesho," alisema. "Na kesho chini usikate. Acha wasome."