Saba Hayupo

Miche tisa ndiyo iliyowaponza.

Ilikuwa imebaki ndooni, na kila aliyewahi kupanda mwerezi anajua kwamba mizizi ikilala nje hadi asubuhi, mche umekwisha. Corinne aliitazama ile ndoo, akatazama juu, akajiambia kuna nusu saa ya mwanga. Mwezi wa kumi, katika bonde la Kettle Fork, nusu saa ya mwanga ni maneno matupu. Lakini watoto walikuwa wameshaanza kuchimba mashimo, matope hadi magotini, wakitaniana, naye hakuwa na moyo wa kuwakatiza.

"Haya, tumalizie, halafu tukale," alisema.

Walikuwa watoto kumi na mmoja wa darasa la saba kutoka Tacoma, waliokuja porini kwa wiki moja. Asubuhi walikwea majabali na kupiga makasia, mchana walipanda miti ukingoni mwa kijito ili maji yapate kivuli na samoni wapate pa kutagia. Samoni wenyewe walikuwa wamesharudi, wametaga, wamekufa, na bonde zima lilinuka. Kip, mtoto mwenye mdomo kama cherehani, alikuwa ameapa kutokula samaki mpaka siku atakayooa.

"Nani atakuoa wewe na hiyo harufu?" walimcheka.

Marisol peke yake hakucheka. Alikuwa mdogo kuliko wote, na tangu Jumapili hakuna aliyemsikia akisema kitu kwa sauti. Usiku alilia hemani kwa kwikwi ndogondogo, ameuma ncha ya mfuko wa kulalia. Mche wa mwisho ulikuwa wake. Aliupanda taratibu, akaushindilia udongo kwa viganja viwili, kama mtu anayemfunika mtoto shuka.

Aliyesaidiana na Corinne kuongoza kundi ni Dov, kijana wa miaka ishirini na miwili, huu ukiwa mwaka wake wa kwanza kazini. Miaka ishirini na miwili... Ndio umri aliokuwa nao Corinne miaka tisa iliyopita, katika bonde hilihili, alipompoteza mdogo wake.

Katika safari hizi kila mtoto hupewa namba siku ya kwanza. Kiongozi akiita "Hesabu!", wanaitika kwa mfuatano, na namba zikikamilika husema, "Tumetimia, twende." Ndiyo desturi, na inasaidia. Ila kundi la Corinne lilikuwa na mambo yake mawili. Kwanza, nje ya kambi hakuhesabu kwa sauti. Alipita akigusa vichwa, kimoja kimoja. Pili, hakukuwa na saba. Walifika sita, wakaruka hadi nane, na kwenye mstari waliacha nafasi ya hatua moja.

"Kwa nini hatuna saba?" Kip aliuliza siku ile ya kwanza.

"Saba ina mwenyewe."

"Sasa huyo mwenyewe yuko wapi?"

Dov, aliyekuwa amesikia habari ile ofisini, alimtuma Kip kuni haraka haraka.

Mwenyewe aliitwa Emmett. Alikuwa na miaka kumi na miwili, vyuma mdomoni vya kunyoosha meno, na ni yeye peke yake duniani aliyemwita Corinne "Rini". Alimsumbua mama yao mwezi mzima ili aje safari ya dada yake. Jioni moja ya ukungu, kwenye njia nyembamba ya kurudi kambini, Corinne aliita hesabu. Namba zote kumi na mbili ziliitika. Saba aliitika vizuri kabisa, kwa sauti yake, na ule mkwaruzo wa sauti inayoanza kuvunjika.

"Tumetimia, twende," alisema Corinne.

Walipofika kambini, sura zilikuwa kumi na moja.

Walimtafuta siku kumi na moja, kwa mbwa na kwa helikopta. Walichopata ni glavu moja ya kazi, ya mkono wa kushoto, imetundikwa kwenye tawi ambalo hata mtu mrefu asingelifikia. Ndani yake kulikuwa na saba iliyoandikwa kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa Corinne.

Mama yao hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, jikoni, akiwa amempa Corinne mgongo.

"Ulimhesabu?"

"Nilimhesabu, Mama. Nilimsikia."

Hakuuliza tena. Afadhali angemtukana.

Miaka sita Corinne hakukanyaga huko. Aliporudi, alisimama kwenye duka la njia panda kujaza mafuta, na Bi. Tollefson, mwenye duka, akamtambua. Marehemu mumewe alikuwa mkata magogo.

"Kule bondeni wakata magogo hawakuitana kamwe," bibi alisema akifuta kaunta. "Walipigiana filimbi. Kuna kitu kule kinaitika. Hakina mikono, mwanangu, hakiwezi kumshika mtu. Kinangoja umkabidhi."

"Mimi sikumkabidhi mtu."

Bibi alimtazama kwa huruma. "Ulisema mmetimia."

Corinne alishika ukingo wa kaunta. Kisha akauliza lile ambalo mtu yeyote aliyefiwa angeliuliza. "Na aliyechukuliwa... hurudi?"

"Wanasema kikipewa mwingine humwachia wa kwanza. Wanasema! Mimi nauza petroli. Chukua chenji yako uende nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Tusidanganyane: kila mwezi wa kumi, kwa miaka mitatu, hakuwa akirudi kwa ajili ya mierezi tu. Alirudi kusikiliza.

*

Ukungu uliwakuta katikati ya njia. Ulipanda kutoka kijitoni, ukameza miguu, ukameza viuno, mwishowe kila mtoto akawa tochi tu inayoelea. Upande wa kushoto kulikuwa na ukuta wa udongo. Upande wa kulia, korongo. Corinne alitangulia, Dov alikuwa mwisho na furushi la makoleo begani.

"Shikaneni mabegi. Polepole."

Hatua. Hatua. Maji yakidondoka kutoka matawini.

Kisha Dov akasahau kwamba njiani hawaiti hesabu. Hakuwa na ubaya wowote, alitaka tu kuwachangamsha watoto.

"Hesabu!" aliita kutoka nyuma.

"Moja!"

"Mbili!"

"Tatu!"

"Nne!"

"Tano!"

Corinne alisimama ghafla. Namba nne alikuwa Marisol. Na Marisol, wiki nzima, hakuwahi kuitika. Kambini Kip, namba tano, ndiye aliyemsemea, "nne-tano" kwa pumzi moja, na watoto walishazoea. Hii nne ilikuwa kubwa na safi. Sauti ya mtoto asiyejua aibu.

"...Kumi na mbili!" alimalizia wa mwisho.

"Safi!" Dov alisema. "Tume..."

"Dov! Funga mdomo!"

Hakuwahi kumpigia mtu kelele hivyo. Mstari mzima ulinywea. Corinne alirudi nyuma akipapasa ukuta, akigusa vichwa. Moja. Mbili. Tatu. Baada ya tatu, mkono wake ulishuka kwenye hewa tupu, na mbele kidogo ukamkuta Kip, anatetemeka.

"Marisol yuko wapi?"

"Alikuwa hapa mbele yangu," Kip alinong'ona. "Si umemsikia? Sote tumemsikia."

Corinne alinyoosha mkono tena katika nafasi ile. Ilikuwa baridi kuliko ukungu. Na harufu... si ya samaki. Ilinuka udongo uliochimbwa sasa hivi.

"Nne," nafasi ikasema.

Ilitoka pale pale, kwenye usawa wa mdomo wa mtoto. Hakukuwa na mtu.

Kip alianza kumwita mama yake. Watoto wakabanana ukutani kama vifaranga. Ndipo huko nyuma, kati ya sita na nane, katika ile hatua moja waliyoizoea kuiacha wazi, mtu akajikohoza.

"Saba."

Miaka tisa! Miaka tisa Corinne amelala akiitafuta sauti ile, akiogopa kwamba ameshaisahau, na kumbe hakusahau hata mkwaruzo wake.

"Rini... niko hapa. Naona baridi, Rini. Sema tumetimia, twende nyumbani."

"Emmett?"

"Sema tu. Nimechoka."

Maneno mawili. Angeyasema, na kesho angeingia jikoni kwa mama yake akiwa amemshika mtoto mkono. Mama angegeuka. Nani angemlaumu? Damu ni damu. Alifumba macho na mdomo wake ukaanza wenyewe.

"Tume..."

Chini kabisa, korongoni, kulisikika kwikwi. Ndogo, ya kujizuia, kama ya mtoto aliyeuma kitambaa.

Corinne alifumbua macho. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta.

"Nne hayupo," alisema.

Matone yaliacha kudondoka. Bonde zima lilinyamaza.

"Rini?"

"Na saba..." Neno hili hakuwahi kulisema. Hakuwaambia polisi, hakumwambia mama, na hata kwenye yale mazishi ya jeneza tupu aliondoka kabla ya kuambiwa aseme chochote. Alishika ukuta wa udongo kwa mikono yote miwili. "Saba hayupo. Hatujatimia."

Alitarajia ngurumo, au mtu kumkaba koo. Haikuwa hivyo. Alilia mtoto. Kilio kilekile cha Emmett wa miaka minne, siku ya kwanza Corinne alipomwacha kwenye lango la chekechea.

"Usiniache... Rini, usiniache tena..."

Kilio kilishuka korongoni, kikashuka, mpaka kikachanganyika na maji, na hakuna aliyeweza kusema ni wapi kiliishia.

"Corinne!" Dov alipiga ukelele. "Huku! Kuna mkono!"

Alikuwa amelala kifudifudi ukingoni. Walimvuta pamoja. Marisol alitoka kwenye miiba amelowa hadi kifuani, shavu limechanika. Mkono wa kulia alikuwa amevaa glavu ya kazi, kuukuu, iliyokakamaa kwa matope. Corinne aliimulika, akaikunja ukingo kwa ndani. Wino ulikuwa umefifia, lakini saba ilisomeka.

*

Kambini walimbadilisha nguo, wakamkalisha karibu na jiko la chuma na kikombe cha kakao. Wengine walikula wali na maharage bila neno, hata Kip. Corinne alipiga magoti mbele ya Marisol, akamfuta matope shingoni.

"Uliteleza?"

Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa mnong'ono mdogo sana, akasema, "Nilikwama kwenye miiba. Maji yalikuwa yananivuta. Akaja kijana mmoja, ana vyuma menoni. Akanivalisha glavu yake ili nishike miiba."

Corinne aliacha kufuta.

"Huko juu kulikuwa na mtu analia kwa sauti yake," Marisol aliendelea. "Lakini yeye hakuwa analia. Alikuwa anasikiliza tu. Uliposema saba hayupo, akatabasamu. Akasema, 'Safi sana, Rini.' Kisha akanisukuma juu."

Kuni zilipasuka jikoni. Corinne aliinamisha uso kwenye magoti ya yule mtoto, akalia bila kujali nani anamwona. Marisol alimgusa nywele kwa mashaka.

"Kuna lingine," alisema baadaye. "Lakini amenikataza nisikwambie."

"Sisi hapa hatufichani kitu, Marisol. Tulikubaliana siku ya kwanza."

Mtoto alitazama viatu vyake vilivyokuwa vikikauka.

"Amesema nisikwambie kwamba bado anasikia baridi."

*

Asubuhi, watoto wakipakia mabegi kwenye basi dogo, Corinne alishuka peke yake hadi kijitoni. Mwerezi alioupanda Emmett safari ile ulikuwa umempita kimo, na kibati chenye namba yake bado kilining'inia kwa waya. Alivua koti lake zito, akaliviringisha kwenye shina, akafunga mikono ya koti kwa mbele kama anavyofungwa mtoto asiyejua kujifunga. Mvua ilikuwa ikinyesha. Glavu aliiweka kifuani, ndani ya shati. Hiyo angempelekea Mama.

Alirudi akitetemeka, amelowa chapachapa. Akagusa vichwa vyote kumi na kimoja. Baada ya sita, mkono wake ulisita hewani kidogo, kisha ukaenda kwa nane.

"Koti lako liko wapi?" Dov alimuuliza.

"Nimelisahau."

"Nikimbie nikakuletee?"

"Liache."

Basi lilianza kupanda kilima. Watoto waligeuka wote, wakabandika nyuso kwenye kioo cha nyuma, na Marisol akapunga mkono kumpungia mtu aliyekuwa huko. Corinne hakugeuka. Alijua kwamba akigeuka, atamhesabu.