Mwasumini Juu ya Paa

Bi Moza alikuwa ameshashuka mpaka ghorofa ya pili, mkoba begani. Akasimama. Hii ilikuwa mara ya tatu kusimama.

"Najma."

"Abee, mama."

"Mwasumini."

"Nimesikia, mama. Nitaumwagilia."

"Ukiona umelegea tu, upe maji. Usingoje."

Chini bajaji ilipiga honi. Zahoro, mwanawe Bi Moza na mumewe Najma, alikuwa ameshapakia begi. Alikuwa akimpeleka mama yake kwenye basi la Kilwa.

"Mama, basi halikungoji wewe," aliita.

"Na mimi sikimbizwi na basi," Bi Moza akajibu. Lakini aliongeza mwendo.

Alikuwa akienda Kilwa kumuuguza dada yake, Sabaha. Hospitali walikuwa wamemwambia Sabaha akapumzike nyumbani. Watu wazima wanajua maana ya maneno hayo.

Huo mwasumini una habari yake. Bi Moza na Sabaha walizaliwa Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita yenye uwanja nyuma. Mama yao alipanda mwasumini hapo. Jioni alichuma asumini, akazitunga kwa uzi, akawavalisha wanawe kichwani. Mama alipokufa, warithi waliuza nyumba. Ikavunjwa, likasimama ghorofa la maduka. Siku ya kuvunja, Bi Moza alikata matawi akayatia kwenye ndoo ya maji. Katika nyumba ile, hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Sasa familia inaishi Mchafukoge, ghorofa ya nne. Juu yao ni paa la zege, ambapo wapangaji huanika nguo. Bi Moza alipanda matawi yake huko, katika madebe sita ya mafuta ya kula yaliyotobolewa chini.

Wiki ya kwanza Najma alimwagilia vizuri. Wiki ya pili mlango uligongwa. Alikuwa Mzee Awadhi, mfanyabiashara wa vitenge. Stoo yake iko ghorofa hiyo hiyo, chini ya yale madebe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Binti, bustani yako inanyesha kwangu."

"Inanyesha vipi?"

"Maji ya madebe yanapita kwenye ufa wa zege. Robota mbili za vitenge zimelowa. Nikiuza vitenge vyenye madoa, mteja atadhani nimevitoa mtaroni."

Najma aliona haya. Alimwomba radhi, akapanda juu. Akachukua vipande vya nailoni, akasokota, akaziba matundu ya madebe yote sita. Halafu akadondoshea nta ya mshumaa. Hata tone moja halikutoka. Mzee Awadhi alishukuru.

Nasema wazi: hapo ndipo ubaya ulipoanza. Najma hakuwa mvivu wala mjinga. Alitaka kuishi na jirani kwa amani.

Joto la Februari lilikuwa kali. Saa saba mchana majani yalikuwa yanalegea. Najma alikumbuka maneno ya mama mkwe, usingoje. Alikuwa anavuta mpira mweusi uliolala juani, anafungua maji ya tangi jeusi, anamwagilia. Majani yakaungua pembeni.

Halafu mvua ikaja bila kutarajiwa. Mvua za siku hizi hazina mwezi wake. Ilinyesha siku mbili mfululizo, madebe yakajaa mpaka juu. Siku ya tatu jua likatoka kali kama halijawahi kuondoka. Majani yakawa ya njano, yakalegea. Najma akaona yamelegea. Akaongeza maji.

Mwisho wa wiki, miasumini minne ilikuwa imekauka. Miwili ilikuwa na majani machache.

Siku hiyo Bi Moza alipiga simu.

"Sabaha ananiuliza kila siku," alisema. "Anataka kunusa asumini ya nyumbani. Nimemletea ya jirani hapa. Kanusa, kaiweka pembeni. Kasema siyo yenyewe. Mwasumini wangu mzima?"

Najma alitazama dari.

"Mzima, mama."

"Basi ukitoa maua, nitumie kwa basi. Usichelewe, mwanangu. Hatuna siku nyingi."

Najma aliweka simu chini. Akapanda juu, akakaa kwenye zege karibu na madebe. Hakulia. Alikaa tu.

Paskalina alimkuta hapo. Paskalina ni mpangaji wa ghorofa ya kwanza, mzaliwa wa Newala. Anauza miche ya maua karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na kabla ya hapo alifanya kazi miaka tisa kwenye kitalu. Alikuwa amekuja kuanua nguo.

"Mama, mbona umekaa kama uko matangani?"

"Niko matangani, dada Paskalina. Tazama."

Paskalina aliweka nguo chini. Hakutazama majani. Aliinamia udongo, akachomeka kidole, akakinusa. Akakunja uso.

"Unanuka kama mtaro. Matundu yako wapi?"

"Nimeziba. Maji yalikuwa yanaingia kwa Mzee Awadhi."

"Nyie watu wa pwani mnapenda harufu ya ua, mizizi hamuiulizi hali."

"Na nyie wa Newala mnajua korosho tu," Najma alisema. Hata yeye alishangaa kuwa bado anaweza kutania.

Paskalina alicheka kidogo, kisha akaacha. "Sikiliza. Mizizi inavuta hewa. Maji yakituama, inakosa hewa, inaoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa. Kwa hiyo majani yanalegea, na mizizi imelala ndani ya maji. Wewe unaona kiu. Kumbe mti unazama."

"Mama alisema ukilegea niupe maji."

"Mama alijifunza kwenye uwanja wa Kariakoo. Kule mti ulikuwa ardhini. Ardhi inakunywa maji ya ziada, na chini kuna ubaridi. Hapa mti uko kwenye bati, juu ya zege. Hebu fungua mpira, weka mkono."

Najma alifungua. Akarudisha mkono haraka.

"Ya moto!"

"Saa saba mchana umekuwa ukiimwagilia chai. Mchana debe ni jiko. Mara mvua inashuka, debe linapoa ghafla. Mmea hauna pa kujificha. Wewe ndiye wa kuuficha."

"Hii miwili itapona?"

Paskalina alikwaruza shina moja kwa ukucha. Ndani palikuwa na kijani. Akakwaruza la pili. Kijani pia.

"Siwezi kukuahidi. Lakini haijafa."

Kabla ya kushika kazi, Najma alimpigia mama mkwe.

"Mama, nilikudanganya. Minne imekufa. Miwili inaumwa. Nilikosea mimi."

Upande wa pili alisikia mtu akikohoa kwa mbali, mgonjwa.

"Ungeniambia pale pale," Bi Moza alisema.

"Niliogopa."

"Mimi pia naogopa, Najma. Haya. Nani anakusaidia?"

"Dada Paskalina wa ghorofa ya kwanza."

"Mfuate anavyosema. Maneno yangu yaache."

Jioni ile waliitoa miasumini miwili kwenye madebe. Walikata mizizi iliyooza, ile myeusi na laini, wakaacha myeupe. Walizibua matundu, wakaweka kokoto chini, kisha udongo mpya uliochanganywa na mchanga na samadi iliyokauka vizuri.

Zahoro anafanya kazi ya kuchomelea vyuma Gerezani. Alileta vyuma chakavu, akaunda kichanja cha kufika magotini, ili hewa ipite chini ya madebe na joto la zege lisiyafikie. Wakakiweka pale maji ya paa yanapoingilia bomba la kushukia mtaroni, mbali na ufa. Sasa maji yalitoka kwenye madebe bila kumfikia mtu.

Mzee Awadhi alipanda kutazama. Alisimama mikono nyuma.

"Kumbe mlikuwa mnaua mti kwa ajili yangu," alisema. "Mngeniambia, ningehamisha robota." Akashuka. Akarudi na magunia matatu yaliyofungiwa mizigo. "Haya yanafaa kitu?"

"Yanafaa sana," Paskalina alisema. Wakayavika madebe magunia, bati lisipigwe na jua. Juu ya udongo wakatandaza makumbi ya nazi, unyevu usikimbie. Juu ya kichanja wakafunga wavu wa kivuli.

"Si bora nailoni?" Zahoro aliuliza. "Ingezuia na mvua."

"Nailoni ikipigwa na jua inapika. Wavu unapunguza jua na unaacha upepo. Mvua kubwa ikija, sogezeni madebe chini ya tangi. Ikikatika, yarudisheni."

Toka hapo Najma alikuwa anapanda juu alfajiri na ndoo ya maji baridi. Kwanza anachomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, anamwagilia. Pakiwa na unyevu, anashuka na ndoo yake. Mchana majani yakilegea, hafanyi kitu. Anangoja jioni. Mara nyingi jioni yanakuwa yamesimama yenyewe.

Mwasumini mmoja ulikufa hata hivyo. Ulibaki mmoja.

Machi mvua kubwa ilipiga mchana, ghafla, baada ya siku kumi za jua. Najma na Paskalina walisogeza debe chini ya tangi wakiwa wamelowa chapa. Kesho yake jua lilirudi. Majani hayakugeuka njano. Kwenye kila kifundo cha tawi palikuwa na vichipukizi.

Aprili ukatoa maua. Najma alichuma matumba kumi na moja jioni, kabla hayajafunguka. Akayafunga kwenye kitambaa kibichi, akayatia kwenye kopo lenye mfuniko. Zahoro akalipeleka kwenye basi la Kilwa.

Bi Moza alifungua kopo mbele ya dada yake. Matatu yalikuwa bado meupe, mengine yamesinyaa. Sabaha alishika moja. Alilinusa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Hii yenyewe," alisema.

Sabaha alifariki siku tisa baadaye, asubuhi, akazikwa Kilwa. Bi Moza alikaa mpaka arobaini, kisha akarudi Mchafukoge. Mwaka uliofuata alipeleka mche mmoja, akaupanda ardhini karibu na kaburi. Umeshika. Mzee Awadhi aliziba ule ufa, na stoo yake ni kavu. Paskalina bado anauza miche, na humwuliza kila mnunuzi kwanza kama debe lake lina matundu. Zahoro ametengeneza vichanja vingine viwili kwa majirani. Juu ya paa kuna madebe matano, na miasumini yake yote imetokana na ule mmoja. Najma huyamwagilia alfajiri.