Programu ya Bure na Mandazi ya Caren

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Caren alimsaidia mama yake kuanika omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria, kwenye nyavu kuukuu ufuoni Usenge. Kazi hiyo aliifanya kwa uvivu mkubwa, akipiga miayo kila hatua. Alichokipenda ni kilichofuata: kuwazungukia akina mama wa kikundi cha waanika omena na kuwauliza kama simu zao zina shida.

Simu hizo zilikuwa na programu iitwayo Anua. Wingu la mvua likikaribia, Anua ilituma ujumbe, nao akina mama walikimbia kuanua omena kabla hawajaloa. Aliyeitengeneza ni Rachael, dada mkubwa wa Caren, aliyesomea kompyuta Kisumu. Ilikuwa programu huria: yeyote aliruhusiwa kuitumia bila malipo, kuona ilivyoundwa na hata kuirekebisha. Dishon, fundi wa mashua, ndiye aliyetafsiri maneno yake yote kwa Dholuo, bila kudai hata kikombe cha chai.

"Caren, picha za harusi ya mtoto wangu zimepotea kwa simu," alilalamika Mama Benta, mwenyekiti wa kikundi, ambaye sauti yake haikuwahi kuhitaji kipaza sauti.

"Usijali, Mama! Mpigie Rachael. Atakutafutia leo leo."

"Pesa ngapi?"

"Bure!"

"Yawa! Huyu mtoto ana roho safi!" Mama Benta akampa mandazi matatu.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Caren akaanza kuahidi kila kitu. Mmoja alitaka simu yake iwike kama jogoo, mwingine alitaka kuandikiwa barua ya kuomba kazi, na wote waliambiwa, "Bure! Namba ya Rachael hii hapa." Shukrani zilikuja kwa njia ya mandazi, njugu na samaki wa kukaanga, na zote ziliishia tumboni mwa Caren. Rachael aliambulia kupigiwa simu.

Alipigiwa akila, akioga, akiwa kanisani. Mchana alichapa barua za watu dukani ili apate riziki, na jioni alijibu simu.

"Nani anawapa hawa watu namba yangu?" aliuliza siku moja. Caren aliendelea kutafuna, naye Rachael akaongeza, "Anua ina hitilafu. Ujumbe unachelewa. Nahitaji siku moja tu ya kuirekebisha, lakini nitaipata wapi?"

Jumamosi mvua ikamwagika bila kubisha hodi. Omena wa kikundi kizima wakaloa, wengine wakasombwa na maji wakarudi ziwani walikotoka. Mama Benta alisimama katikati ya matope, akichuruzika maji tangu kichwani hadi miguuni. Ndipo simu yake ikalia: ANUA! MVUA INAKUJA.

Baada ya dakika chache, kikundi kizima kilikuwa uani kwa kina Caren. Hata Dishon alifuata.

"Rachael! Programu yako imetumaliza!" alinguruma Mama Benta.

Rachael alitoka akiwa na macho mekundu kwa uchovu. "Poleni sana, mama zangu. Hitilafu niliijua. Lakini wiki nzima nimekuwa nikitafuta picha za harusi na kufundisha simu kuwika. Maji yamenifika shingoni. Jumatatu naenda Kisumu, nimepata kazi. Anua naiacha. Iko wazi, anayeweza airekebishe."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyeweza. Caren alimtazama mama yake akikamua leso iliyojaa omena walioharibika, akaona aibu mpaka machozi yakamtoka.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia kila kitu ni bure. Rachael hakuahidi. Mandazi nilikula mimi."

"Yote?" aliuliza Rachael.

"Na samaki."

Mama Benta akakohoa. "Basi tumlipe Rachael, siku mbili kila wiki, aitunze Anua."

"Ngoja, Mama!" Dishon akadakia. "Mimi nilitafsiri bure. Akilipwa yeye, mimi je?"

"Na mimi niliwafundisha wenzangu wanane!" alisema mwingine. Bibi mmoja alidai mshahara wa kuiombea programu. Ua ukageuka soko.

Mama Benta akainua mkono. "Dishon, ulipokuja saga shambani kwangu, kulima na majirani wengine, nilikulipa?"

"Hapana. Ulitupikia, tukala tukashiba."

"Na uliponiundia mashua?"

"Ulinilipa."

"Kwa nini mashua nayo isiwe saga?"

"Ah, Mama! Mashua ni wiki tatu. Ningekula nini?"

Dishon mwenyewe akaanza kucheka. "Haya. Nimejijibu."

Wakakubaliana. Rachael angelipwa kwa siku za kuirekebisha Anua, nayo ingebaki huria kwa fuo zote za ziwa. Maswali madogo yangejibiwa kwa saga: Dishon na wengine wangepeana zamu, na kikundi kingewapikia. Rachael alisema siku mbili za malipo zingemtosha kuacha kuchapa barua. Kisumu ingengoja. Akaingia ndani, akazima simu, akaishughulikia hitilafu hadi ikaisha.

Mama Benta akamgeukia Caren. "Na wewe njoo hapa. Kuanzia kesho, ukitoka shule utakaa na Dishon ujifunze kujibu maswali."

"Ndiyo, Mama."

"Sisi pia tulikosa, tulisikia neno bure tukasahau kuna mtu anayechoka. Lakini wewe sikiliza, mwanangu. Saidia watu, ni vizuri. Toa muda wako, toa jasho lako, hata ukikataa malipo tutakuheshimu. Lakini cha mwenzako si chako kukitoa. Mtu hukaribisha wageni kwa kuku wake mwenyewe. Wewe ulitukaribisha kwa kuku wa dada yako, na mapaja ukala wewe."