Sweta Kwenye Mkuyu

Asubuhi ya Jumapili gari lilikuwa limesogea.

Si sana, kama shubiri moja hivi, kuelekea getini. Zablon alilitazama akiwa na mswaki mdomoni, akachuchumaa, akatazama tena. Handbreki ilikuwa imevutwa na gia imeingizwa. Mawe mawili aliyoyaweka mbele ya tairi yalikuwa yamesukumwa, yakaacha michirizi kwenye mchanga.

"Watoto wa jirani hawa," akasema, ingawa hakuna mtoto pale Tangini wa kusukuma vani ya foo-wili yenye winchi mbele na ngazi nyuma, nzito kama tanki la maji. Alijua hivyo vizuri. Akaendelea kupiga mswaki.

Siku yenyewe haikuwa ya kuwaza magari. Binti yake wa pekee, Adventina, mwenye miaka kumi, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na mkewe Laurentia alizunguka nyumba nzima na gauni jeupe mkononi.

"Baba Adventina, sweta la mtoto la shule liko wapi? Lilibaki kwenye gari."

"Sijaliona."

Hapo alidanganya, na tusimwonee huruma upesi.

Jana yake Zablon alikuwa amewapeleka mafundi wa visima porini Kisarawe, ndani kabisa baada ya Mzenga, yeye na mwenzake wa kazi, Maulidi, mzaliwa wa huko. Wakati wa kurudi mvua ikawakuta, gari likazama mpaka kwenye bampa. Foo-wili ina sifa zake, lakini lile tope halikuwa na habari na sifa za mtu. Dawa ikawa winchi: unafunga waya kwenye mti mkubwa, mashine inaukunja kwenye roli lake, gari linajitoa lenyewe. Mti mkubwa ulikuwa mmoja tu, mkuyu uliofungwa vitambaa vyekundu na vyeupe shinani.

"Hapo tusifunge, kaka," Maulidi alisema. "Huu ni mzimu. Pana mwenyewe."

"Huyo mwenyewe ndiye atampeleka mwanangu kanisani kesho?"

Zablon akavifungua vile vitambaa akavikunja chini ya waya usikate gome la mti, kama alivyozoea kufanya na gunia. Maulidi alipoona mwenzake hashikiki, akamwomba jambo moja tu. Kwao, ukichukua kitambaa cha mzimu unavua nguo yako mwilini unaiacha mahali pake. Zablon hakutaka kuvua shati kwenye mvua ile. Akanyoosha mkono kiti cha nyuma, akachukua sweta la shule, akalifunga.

"Haya. Ameridhika?"

Winchi ikavuta, gari likatoka, na mkuyu ukang'oka mizizi upande mmoja. Chini yake palibaki shimo jeusi lililonuka nyama iliyooza. Ilikuwa saa tisa alasiri.

Na ilikuwa saa tisa ya Jumapili, wageni wa komunyo wakila pilau uani, winchi ilipoanza kuvuma yenyewe. Funguo zilikuwa mfukoni mwa Zablon. Waya ukajikunjua, ukatambaa mchangani katikati ya miguu ya watu mpaka chini ya mpapai, alipolala mbwa wao. Ukamzunguka kiunoni, ukaanza kurudi. Mbwa alilia mara moja tu. Akavutwa akilima mchanga kwa kucha, akaingizwa kwenye roli la winchi mguu kwa mguu, mifupa ikilia, damu ikiruka hadi kwenye gauni jeupe la Adventina. Wageni walitimka na sahani mikononi. Zablon aling'oa betri, akaipeleka chumbani, akaifunika kwa godoro.

Jumatatu hapakuwa na betri, wala waya haukusogea. Saa tisa ilipogonga Adventina alikuwa mezani akiandika kazi ya shule, na kitu kisichoonekana kikamshika kiuno, kikamng'oa kitini kinyumenyume, kikamburuta kwenye sakafu hadi mlangoni, akabamiza mdomo kwenye kizingiti, meno mawili yakabaki pale, kucha zake zikavunjika moja moja kwenye saruji huku akiita baba, baba, naye Zablon akajitupa juu yake kwa uzito wake wote, wakavutwa wote wawili kama mzigo mmoja, wakakwangua uani, mpaka uso wa mtoto ukagusa bampa. Halafu mvuto ukaachia. Tumboni mwa mtoto palikuwa na alama ya mviringo, nyuzi za waya zikihesabika kwenye ngozi.

Jioni hiyo Maulidi alimleta shangazi yake kutoka Mlandizi, Mwanamvua, mganga mwenye ulimi mkali na mkoba wa ubani. Hakukaa hata kitini.

"Uliacha nguo ya nani kule?"

Zablon akamsogezea kiti.

"Nimekuuliza, baba. Ya nani?"

"Ya mtoto," akasema kwa sauti ndogo.

Laurentia alimpiga kofi, akampiga la pili, kisha akashindwa kupiga tena, akakaa chini akilia. "Umemtoa mwanangu kwa kuogopa kulowa! Shati tu, Zablon! Shati tu!"

"Jini wa ule mkuyu amepewa, na alichopewa anakivuta," Mwanamvua akasema. "Kesho saa tisa anammaliza. Lile sweta litoke, na aliyelifunga ndiye alifungue, aweke ya kwake. Mimi nitasoma, lakini mkono ni wake."

"Nikiweka yangu, mimi itakuwaje?" Zablon akauliza.

Mganga akajifanya anatafuta ubani mkobani.

Jumanne Laurentia alijifunga na mwanawe kiuno kwa kiuno kwa khanga tatu, akalala naye chini, miguu yake ameikaza kwenye ukuta. Huko Kisarawe, alikofika kwa gari lile lile na Maulidi na Mwanamvua, saa tisa kasoro dakika chache, Zablon alivua viatu, akavua shati. Sikatai, safari hii alikuwa mwanaume. Sweta lilikuwa limekaza, lina joto, linapanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala. Akalifungua kwa meno. Akalifunga shati lake mahali pale huku Mwanamvua akisoma kwa sauti na moshi wa ubani ukigoma kupanda, na nyuma yao winchi ya gari lililozimwa ikalia, waya ukaruka juu ya kichwa cha Maulidi ukamzunguka Zablon kifuani mara tatu, kwanza ukakata ngozi, kisha ukakata nyama, ukamlaza, ukamburuta miguu mbele kuelekea shimoni, Maulidi akimshikilia mkono kwa mikono yake miwili akipiga kelele aachiwe ndugu yake, mpaka bega likatoa mlio na Maulidi akaanguka chali, kashika saa ya mkononi ya Zablon na kipande cha ngozi. Mkuyu ukajiinua, mizizi ikarudi ardhini, shimo likajifumba naye ndani. Tangini, khanga zikalegea.

Maulidi alirudisha gari kwa mjane. "Jini amefungwa," Mwanamvua alimwambia Laurentia. "Ila choma nguo zote za marehemu. Isibaki hata moja ya kuugusa ule waya."

Laurentia alizichoma zote, isipokuwa shati moja la Jumapili ambalo bado lilikuwa na harufu ya mumewe. Hilo alilificha chini ya mto. Nani angemlaumu?

Wiki ya sita, mchana kweupe, alikuwa jikoni akichambua mchele aliposikia winchi ikivuma. Akatoka mbio. Gari lilikuwa limesogea shubiri moja, safari hii kuelekea mlangoni. Adventina alikuwa amechuchumaa mbele ya bampa, amemaliza kufunga lile shati kwenye waya, pale unapotoka winchini, na waya wenyewe ulikuwa umepita chini ya geti, umevuka barabara, umeingia majanini upande wa Kisarawe, ukiwa umekaza. Roli lilikuwa linaukunja polepole. Ulikuja na tope, kisha ukaja na harufu ya nyama iliyooza.

"Adventina! Toka hapo! Unafanya nini?"

Mtoto akageuka, akatabasamu na lile pengo la meno mawili.

"Namvuta baba," akasema. "Anasema imebaki kidogo tu, mama. Tumfungulie geti."