Gurudumu la Mvuke

Kaka yangu Sifaeli ni fundi umeme wa viwandani. Kwetu ni Uyole, Mbeya, na yeye si mtu wa maneno mengi. Hili alinisimulia jikoni, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa hata kidogo. Mwisho wake niliuona kwa macho yangu.

Alikuwa ameitwa Kilolo, kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo wa matunda na pombe kali. Wakaguzi walikuwa wamemwambia mwenye kiwanda, mzee Edmund, kwamba mitambo yake imepitwa na wakati. Kila vali ilifunguliwa kwa mkono, kwa magurudumu ya chuma, na presha ilisomwa kwenye mishale iliyofifia. Asipoweka mfumo wa kujiendesha, wangemfungia. Kazi ya Sifaeli ilikuwa kufunga sensa, vali za umeme, na kompyuta moja ya kuziamuru zote.

Siku aliyofika kulikuwa na jua zuri. Kina mama walikuwa wakiosha chupa huku wakiimba nyimbo za kwaya, na harufu ya matunda yanayochacha imejaa uani. Mzee Edmund alimtembeza kote kwa upole. Walipofika kwenye tangi la kuchemshia, mzee akasimama mbali kidogo.

"Fundi, magurudumu yote toa. Ila hili la mvuke liache."

"Bosi, hili ndilo la hatari kuliko yote. Mvuke ukizidi, pombe inalipuka na watu wamo humu."

"Weka vali yako pembeni. Hili usiliguse."

Sifaeli akaona ni ukaidi wa uzee tu. Akapitisha bomba jipya, akafunga vali yake, na lile bomba la zamani akalikata na kuliziba. Gurudumu likabaki pale kama pambo. Halikushikana na kitu.

Alipoanza majaribio, aliamuru vali ifunge. Ikafunga. Halafu, kwenye skrini, ikaanza kufunguka yenyewe.

Akakagua nyaya. Akabadilisha sensa. Akabadilisha hata mota. Vali ikafunguka vilevile, na safari hii aliitazama kwa makini. Mota huzunguka mfululizo. Hii ilikuwa inakwenda kidogo, inatulia, inakwenda tena. Kama mtu anayevuta pumzi.

Akageuza shingo. Lile gurudumu lisiloshika kitu lilikuwa linazunguka.

Dada mmoja, Frida, msimamizi wa chumba kile, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Usilitazame sana, fundi," akanong'ona. "Huyo ni Yotamu."

"Yotamu gani?"

"Ndiye aliyekuwa anaendesha tangi hili. Alianguka hapa hapa, tukaenda kumzika kwao Chimala, kwa mama yake. Tangu tumzike, bosi hajaajiri mtu wa mvuke. Na mvuke haujakosa hata siku moja."

"Unataka kuniambia ni msukule, mfu anayetumikishwa kazi?"

Frida akaweka kidole mdomoni.

Kaka yangu ni Mlutheri, tena fundi. Hakutaka kuamini. Wakaguzi walikuwa njiani kuja, kwa hiyo mchana uliofuata akalijaza tangi na kuwasha moto wa boila kule nje ili aone mfumo ukifanya kazi kwelikweli. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani. Ukaingia madirishani, ukachanganyika na mvuke.

Presha ikapanda. Akaamuru vali ifunge. Ikafunguka zaidi. Akabonyeza kitufe cha kuzima kila kitu. Kompyuta ikazima, taa zikazima. Bomba likaendelea kunguruma.

"Tokeni nje!" akapiga kelele. "Tokeni wote!"

Frida akawasukuma wenzake mlangoni. Sifaeli akabaki.

Ndipo akamwona. Mtu amempa mgongo. Kichwa kimenyolewa. Mabega mifupa mitupu, yana vumbi jekundu. Mikono yote miwili iko kwenye gurudumu.

"Yotamu?"

Mikono ikasimama. Kichwa kikageuka polepole. Mdomo ulikuwa wazi, na ndani hamkuwa na ulimi. Lakini kilichomtisha zaidi kaka yangu ni macho. Hayakuwa na ubaya wowote. Yalikuwa yamechoka. Yamechoka sana.

Akachukua spana. Hakuthubutu kukata kwa moto, maana cheche moja ingewateketeza. Akasogea mpaka vidole vyake vikagusana na vidole vile, baridi kama udongo wa shimoni. Akaanza kulegeza nati.

"Nenda nyumbani," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kazi hii sasa inafanywa na mashine. Mama yako yuko Chimala. Nenda."

Nati ikatoka. Gurudumu likaanguka sakafuni. Bomba likanyamaza.

Hapakuwa na mtu.

Mzee Edmund aliingia mbio, akalitazama lile gurudumu chini. Hakugomba.

"Umemwachia," akanong'ona. "Sasa nitamweka nani?"

Akainua macho, akamtazama Sifaeli. Akayatazama mabega yake, kisha mikono yake, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

Kaka yangu aliacha vifaa vyake vyote hukohuko. Alipanda gari la kwanza lililopita, akafika kwetu usiku uleule.

Kesho yake, baada ya kunisimulia, tulikwenda wote Chimala. Mama yake Yotamu, mama Esnath, ni muuza mchele. Hatukupata shida kuonyeshwa kwake. Alikuwa amekaa kizingitini, macho yamevimba.

"Mmekuja kwa ajili ya mwanangu," alisema kabla hatujatamka neno.

Akatuingiza ndani. Chumba cha marehemu hakikuwa na dirisha. Tangu jana mchana, alisema, mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani, na asubuhi ile majirani walikuwa wameuvunja. Hawakukuta mtu. Kulikuwa na kitanda tu, na kwenye godoro, bonde la mtu aliyelala kiubavu, amekunja magoti.

"Gusa," mama Esnath akaniambia.

Niliweka kiganja. Palikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Kiwanda kile kimefungwa, na mzee Edmund alihama bila kuaga; hakuna anayejua aliko. Pasaka iliyopita nilipita tena Chimala kumsalimia mama Esnath. Hajalala kwenye kitanda kile, wala hajaruhusu mtu akitandike. Akanifungulia mlango, nikaweka kiganja palepale.

Bado pana joto.