Usajili Ulifungwa Ijumaa

Ndugu zangu, mnaoupenda mpira na nyinyi msioupenda ila mnaishi na wanaoupenda, nina habari ya nyumba moja ya mtaa wa Namuwongo. Nawaomba mnisikilize hadi mwisho, kwa sababu waliofanya haya hawakuwa majambazi. Walikuwa wajumbe wa kamati.

Jumamosi moja ya Agosti, mwaka wa sabini na sita, nyumba hiyo ilikuwa na utulivu ambao siku zile ulikuwa adimu kama sabuni. Mahfudha alikaa sebuleni nyuma ya cherehani yake, akishona kanzu za Idi za wateja na za watoto wake. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa haujaandama, lakini hiyo ndiyo kanuni aliyoachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake aliyefika Buganda na msafara wa wafanyabiashara wa pwani: kanzu ya Idi haishonwi siku ya Idi.

Hodi ikabishwa. Mlangoni alisimama mtu mrefu, vumbi hadi magotini, sanduku la bati mkononi na viatu vya mpira vikining'inia shingoni.

"Jambo, mama. Mimi ndiyo ile mchezaji."

"Mchezaji yupi?"

"Ile ya kununuliwa. Otim. Hajji alisema nitalala hapa."

Mahfudha alimtazama kuanzia juu hadi chini. "Hajji amekununua wewe? Mbona nyumba hii haijanunuliwa hata chumvi tangu mwezi uliopita?"

Mgeni akainamisha kichwa kwa aibu isiyokuwa yake. Mahfudha akasogeza vitambaa kwenye kiti. "Karibu ndani, mwanangu. Aliyenunuliwa naye hula."

Hapa sina budi nimweleze huyo Hajji. Jina lake Bashir, mume wa Mahfudha. Watu walimwita Hajji, ingawa safari yake ndefu kuliko zote ilimfikisha Mombasa, tena alirudi kabla ya siku zake kwisha. Wahindi walipofukuzwa, alipewa duka la vifaa vya ujenzi. Aliuza misumari yote wakati nyundo hazipo, kisha akaagiza nyundo misumari ilipokwisha. Katika miezi minane duka lilibaki rafu. Mtu kama huyo, mahali penye akili, angepewa fagio. Namuwongo ilimpa klabu. Akawa mwenyekiti wa Alfajiri, timu iliyobeba jina hilo ingawa viongozi wake hawakuwahi kuamka kabla ya adhuhuri.

Saa sita Bashir alirudi pamoja na Umar, katibu wa klabu. Walipomwona Otim ameketi akinywa chai ya rangi isiyo na sukari, walishtuka kama wezi waliokuta taa imewashwa.

"Umefikaje hapa?" Bashir aliuliza.

"Lori ya mihogo, Hajji."

"Tulikuambia usubiri gari kule Bombo."

"Nimesubiri siku nne. Shangazi yako alisema chakula imekwisha."

Mambo yalikuwa hivi. Klabu za siku zile zilikuwa na desturi ya kumficha mchezaji mpya mpaka ajaze fomu, ili klabu nyingine isimnyakue njiani. Bashir alimficha Otim kwa shangazi yake Bombo. Alimficha vizuri sana. Gari lililotumwa kumrudisha liliishiwa petroli, na hakuna mjumbe aliyefikiri kwamba mtu ana miguu, au kwamba fomu ingeweza kupelekwa Bombo kwa baiskeli.

"Haidhuru, Jumatatu tutampeleka akajisajili," alisema Bashir.

Umar alikohoa. "Hajji, usajili ulifungwa jana."

Mahfudha aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. "Kwa hiyo mmemficha mtu, mkaificha na tarehe?"

"Mambo ya mpira hayahusu wanawake."

"Kumlisha kutanihusu?"

Kilichomuuma Mahfudha zaidi alikisikia baadaye kutoka kinywani mwa Otim. Miaka mitatu kabla, akiwa na umri wa miaka ishirini na mmoja na magoti mazima, Otim alikuja uwanjani kwa Alfajiri akaomba kucheza bure, apewe tu kazi ya kubeba mizigo dukani. Bashir alimwambia timu haiokoti watu barabarani. Akaenda Jinja. Alipofunga mabao matatu katika mechi moja na picha yake ikatoka gazetini, ndipo macho ya Bashir yalipofunguka, akaenda kumnunua kwa bei iliyopandishwa na gazeti. Wakati huo goti la kulia lilikuwa limeshaanza kuvimba kila baada ya mechi.

Na walimlipia kwa kitu gani? Ndugu zangu, walimuuza golikipa.

Ogwal alikuwa kijana wa Lira, mikono mirefu, maneno machache. Timu ya kiwanda kimoja ilimchukua kwa jezi kumi na tano na mabati; mabati yakapelekwa Jinja kuwa bei ya Otim. Yeye mwenyewe hakuambiwa. Alifika mazoezini jioni moja akakuta glavu zake zimevaliwa na Maftah, beki mfupi aliyefumba macho kila mpira ulipopaa. Siku nne baadaye Ogwal aliitwa kwenye majaribio ya timu ya taifa. Wale wa kiwanda walicheka hadi wakakaa chini, maana wiki hiyo angeweza kuuzwa mara tano ya bei ile. Alfajiri ikacheza mechi iliyofuata na Maftah golini, mshambuliaji mpya jukwaani, ikafungwa saba. Jezi zilikuwa mpya kabisa.

Ogwal alipita kwa Mahfudha kuaga, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimshonea kaptula zake.

"Sina hasira kwa kuuzwa, mama," alisema. "Lakini hata mbuzi husikia kisu kikinolewa."

Otim alikuwa pembeni, akimsaidia Mahfudha kushona vifungo, kazi aliyojifunza ili asile bure. Ogwal alipoondoka, Otim aliiweka sindano chini.

"Mama, na mimi nikiuzwa, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Kabla yao?"

"Kabla yao. Hilo tu halinishindi."

Ilikuwa ahadi ndogo, ya kutolewa huku mtu akikata uzi kwa meno.

Miezi ikapita. Otim hakuwa na ruhusa ya kucheza wala kuondoka, kwa kuwa Bashir aliifungia ndani ya sanduku barua yake ya kuachiwa, ambayo bila hiyo klabu nyingine isingemsajili. Nyumba ilianza kupungua. Redio iliuzwa kulipa kodi ya uwanja. Kabati liliuzwa kumlipa mganga aliyeahidi kulifunga lango la Alfajiri, akalifunga kwa upande wa wenyewe tu, wapinzani wakaendelea kuingia. Bashir akaondoa hata mabati mawili ya jikoni, na mvua za Novemba zikamkuta Mahfudha akipika amejitanda gunia. Alipolalamika aliambiwa avumilie, Otim akishasajiliwa mwaka mpya klabu itapanda. Wajumbe walikubali kwa vichwa. Walikuwa watu wa kukubali kwa vichwa, kwa kuwa hicho ndicho kiungo walichokuwa hawakitumii kwa kazi nyingine.

Basi Februari ikafika, na siku ya kufungua usajili ikabaki wiki moja. Mmemlisha mtu miezi sita akiwa hana faida. Imebaki wiki moja awe na faida. Mtu mwenye akili timamu hufanya nini? Bashir alimuuza.

Na Februari yenyewe ilikuwa ile ya sabini na saba. Waliokuwapo wanaijua. Watu wa Acholi na Lango, ndio wa kule Gulu na Lira, walikuwa wakichukuliwa na wanajeshi wa utawala wa siku zile majumbani na makazini, na familia zilizokwenda kuuliza ziliambiwa zirudi nyumbani zikasubiri. Ogwal alikuwa ameshavuka mpaka wa Busia akiwa na nguo alizovaa tu. Otim, mzaliwa wa Gulu, hakutoka nje ya ua wa Mahfudha kwa siku kumi.

Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, gari la jeshi lilisimama mlangoni, likashusha mabati arobaini na magunia mawili ya sukari, likaondoka. Otim alikuwa uani na hakuona. Mahfudha alimvuta mumewe chumbani.

"Mali hii ya nani?"

"Yetu. Timu ya kambi inataka mshambuliaji. Kesho saa nne afisa wao atakuja kumchukua."

"Kumchukua Otim? Wiki hii, Hajji? Wiki ambayo watu wa Gulu wanatolewa chini ya vitanda, wewe ndiyo umepata mnunuzi?"

"Bei haijawahi kuwa nzuri namna hii."

"Hukujiuliza kwa nini imekuwa nzuri? Mtu mwenye goti bovu, ambaye hajacheza tangu Agosti?"

"Wanamtaka. Wanamtakia nini, hayo si yangu."

"Umemuuliza afisa kama atacheza?"

Bashir alitazama ukutani. Hapo Mahfudha akafahamu kwamba mumewe hakuwa mjinga kiasi alichodhani, na akatamani angekuwa.

"Usimwambie," Bashir alisema kwa sauti ya chini. "Akikimbia, watanichukua mimi mahali pake. Mimi mumeo. Baba wa watoto wako."

"Nilimwahidi nitamwambia."

"Ahadi kwa mtu wa kununuliwa?"

"Kwa mtu wa kununuliwa. Naye anauzwa kesho, kwa hiyo leo ndiyo siku yake." Akafungua kabati la ukutani, akatoa noti alizoweka za kanzu, akazigawa mafungu mawili. "Hili lako. Watoto wapo kwa dada yangu Lubaga, wabaki huko. Wewe nenda Bombo sasa hivi. Nakuambia na wewe mapema, usije ukasema hukusikia kisu."

Ndugu zangu, mtataka kujua gharama ya ahadi hiyo. Nitaitaja kwanza, kisha nitarudi uani, ili asije mtu akasema mama huyu hakujua alichokifanya.

Bashir aliondoka kwa mlango wa nyuma ndani ya robo saa. Hakumwomba mkewe wafuatane. Alirudi mara moja tu, akachota sukari akajaza mfuko, akauweka begani, akaenda. Jumatatu saa nne wanajeshi walifika wakamkuta Mahfudha peke yake. Alikuwa amebaki kwa makusudi, maana nyumba tupu ingewafanya wamfuate Otim njiani asubuhi ile ile, na mtu mwenye goti bovu hakuwa amefika mbali. Walimuuliza. Alisema hajui Otim amekusudia kufika wapi, na kweli hakumwuliza. Walichukua mabati arobaini, wakachukua na yale ya paa lake. Walichukua sukari. Walichukua cherehani. Kisha wakamchukua yeye hadi kilimani, penye jengo la wapelelezi wa serikali, akakaa siku tisa, na aliporudi vidole viwili vya mkono wa kulia havikukunjika tena. Mkono ule ndio uliokuwa ukiongoza kitambaa. Siku hizi anauza vifungo na nyuzi sokoni Namuwongo, na wanaoshona ni wengine.

Bashir alirudi baada ya miezi mitatu, amenenepa kidogo. Swali lake la kwanza, kabla hajaviona vile vidole, lilikuwa: "Usajili ulishafungwa?"

Alifunguliwa mlango, akapewa uji. Ila tangu siku hiyo mkewe hakumwita tena Hajji.

Sasa turudi uani, Jumapili ile, jua likiwa bado kali.

Otim alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akishona kifungo cha mwisho cha kanzu ya mtoto. Mahfudha alimwekea mbele bakuli la maharage na muhogo, akasubiri ale. Hakutaka amwambie akiwa na njaa. Alipomaliza, alimpa fungu la pili la noti na ile barua ya kuachiwa, ambayo alikuwa ameivunjia sanduku kwa nyundo.

"Otim, wamekuuza. Kambini. Kesho saa nne."

Otim aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Hakuuliza kama ni kweli.

"Na wewe, mama? Wakikuja?"

"Mimi nilisema nitakuambia kabla yao. Nimekuambia. Pita reli, usipite barabara."

Alivaa viatu vyake vya mpira, akaifunga kamba ya kulia polepole kwa sababu ya goti, kisha akashika njia ya reli kuelekea mashariki.

Funzo

Wapo watakaosema funzo la hadithi hii ni kwamba klabu inunue mapema na kuuza kwa wakati. Ni kweli, na natumaini kamati zetu, sasa kwa kuwa utawala ule umeondoka, zitajifunza kusoma tarehe. Anayekataa kijana bure kisha akamnunua kwa bei ya gazeti, anayeuza golikipa akabaki na jezi, huyo ataiangusha klabu yake na nyumba yake, wala asimsingizie mganga.

Lakini kukosea wakati huanzia pengine. Bashir hakujua wakati wa kununua wala wa kuuza kwa sababu hakuwahi kumtazama mtu aliyekuwa akimuuza. Angemtazama Otim miaka mitatu kabla, angeona mchezaji. Angemtazama Februari ile, angeona mtu anayewindwa. Yeye aliona mabati. Anayehesabu mabati pale aliposimama mtu siku zote atachelewa.

Basi mkichagua viongozi wa klabu, wa mtaa, hata wa nchi hii tunayoijenga upya, msiulize nani ana gari. Ulizeni nani, akiwa amemwahidi mtu neno dogo, amewahi kulipia neno hilo. Mimi naamini watu hao wapo. Mmoja yuko sokoni Namuwongo, anauza vifungo.