Wa Nyuma Hashuki

"Na huyo wa nyuma hashuki?"

Kijana wa petroli aliuliza hivyo akiwa ameshika mpira wa pampu. Ilikuwa Jumamosi, mchana mweupe, jua limetanda barabara ya Outer Ring nzima. Shangazi yangu Nabiswa alikuwa ametoka kununua pikipiki yake muda huo huo. Alikuwa ameshuka, kama mtu anavyotakiwa kushuka akijaziwa mafuta. Mimi nilikuwa nimemfuata kwa bodaboda nyingine, na nilidhani kijana ananisema mimi, nikacheka. Lakini nilikuwa nimesimama kule kwenye mashine ya upepo, na macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye kiti.

Akajaza. Tukaenda.

Shangazi anaishi Kware, chini kabisa ya jumba la ghorofa saba, mlango unaotazamana na ngazi. Hupika chapati na maharagwe, akawapelekea wafanyakazi wa viwandani. Miaka yote alizipeleka kwa miguu, ndoo kichwani. Mume wake, Wakoli, alikuwa kibarua katika kiwanda cha unga wa mahindi, anarudi nyumbani mweupe hadi kope. Siku moja mashine isiyo na kifuniko ikamchukua mguu wa kulia. Baada ya hapo alikuwa akikaa kwenye kiti mlangoni, anamtazama mkewe akitoka na ndoo, na kila siku anasema lile lile: "Mama, ningekuwa na pikipiki ningekubeba." Kidonda kikamshinda. Alifariki mwaka jana.

Shangazi akajibana, akapata zamu yake kwenye chama cha kuchangiana, akanunua pikipiki mwenyewe. Aliifunga kwa mnyororo chini ya ngazi. Plastiki ya kiti alikataa kuitoa, kiti kisichafuke.

Haikupita wiki, akanipigia simu nikiwa chuoni.

"Marion, kuja. Wanataka nihame."

"Nani anataka?"

"Wapangaji wa ploti yote. Wanasema pikipiki inaongea."

Nilifika Jumamosi asubuhi, hasira imenitangulia. Wapangaji walikuwa wamejaa kwenye korido, wengine wameketi ngazini kama mahakama. Chapati zilikuwa zimeshafungwa kwenye kapu, zinangoja kupelekwa. Nzivo, keateka anayesimamia jumba, ndiye aliyekuwa akiendesha kesi.

"Hiyo kitu imezimwa, imefungwa, na bado inaongea," alisema. "Mara tik tik, mara inalia nyiii. Mama, sisi si watoto. Ulimtoa mzee wako kafara upate hiyo pikipiki. Hatuwezi kuishi na jini chini ya ngazi. Mwezi ukiisha, uwe umetoka."

Shangazi alikuwa anakunja ncha ya leso, anaikunjua.

Mimi sikukaa kimya. Kwenye mijadala ya chuoni mimi husimama upande wa upinzani, na siku hiyo nilikuwa na kitu cha kupinga.

"Nzivo, wewe ukinunua pikipiki kesho tutakununulia soda," nilimwambia. "Mjane akinunua, ameua mtu. Wakoli alikatwa na mashine. Mwenye mashine mmewahi kumwita mchawi? Mmewahi kumwambia ahame?"

"Msichana, hapa si chuo," akasema mtu kutoka ngazini.

"Basi msiseme kama wasiosoma. Leteni masikio."

Nikachukua ufunguo, nikaiwasha. Iliguruma, wakarudi nyuma wote, na mama mmoja akamziba mtoto wake uso.

"Hiyo ta-ta-ta ni valvu. Injini mpya ikiwa baridi hugonga hivyo, ikipata moto inatulia. Hiyo shrrr ni cheni, bado haijazoea meno yake." Nikaisukuma mbele kidogo, kadiri mnyororo ulivyoruhusu, nikashika breki, ikapiga kelele. "Hiyo ni pedi mpya, bado hazijalainika." Nikaizima. Tukangoja. Baada ya muda ikaanza: tik. Tik. Tik. "Na hilo ndilo jini lenu. Ekzosi, bomba la moshi. Chuma kilikuwa moto, sasa kinapoa, kinajikaza. Hata sufuria yako ya chai hufanya hivyo ukiitoa jikoni."

Mtu akacheka. Halafu mwingine. Mama Ifrah, anayeuza vitambaa mlango wa pili, akasema, "Wallahi hata mimi nilijua. Mnamsumbua mama wa watu bure."

"Na ile nyiii?" Nzivo akauliza.

"Springi za nyuma. Ni mpya, zinabana." Nikakalia kiti cha abiria. *Nyiii.* Plastiki ikalia chini yangu. Nikashuka, kiti kikapanda. "Umeona? Mtu akikaa, inalia."

Nilirudi nyuma hadi ukutani, ufunguo mkononi. Nilijua nimeshinda. Uso wa Nzivo ulinionyesha nimeshinda. Lakini alikuwa bado na swali moja, na alilisema polepole.

"Sawa. Mtu akikaa, inalia. Sasa sisi tukiisikia, huwa amekaa nani?"

Nilifungua mdomo kumjibu.

*Nyiii.*

Hakuna aliyekuwa karibu nayo.

Kiti cha nyuma kilishuka. Kilishuka taratibu, kama mtu mzima anayejishusha akiwa na maumivu. Plastiki ikajikunja. Ikabonyea. Ikabaki hivyo. Jua lilikuwa linaingia kwa lango, na kila mtu aliona.

Tik, ikasema ekzosi.

"Audhubillahi," Mama Ifrah akanong'ona.

Vikanyagio vya abiria vilikuwa vimekunjwa juu, vyote viwili. Nilikuwa nimevikunja mwenyewe. Cha kushoto kikaanguka. *Tak.* Kikakaa tayari kwa mguu.

Tukangoja cha kulia.

Hakikuanguka.

Ngazini mtu alianza kulia kwa sauti ndogo. Nzivo alikuwa ameshagusa lango kwa mgongo. Mimi nilikuwa nimebana mgongo ukutani. Lakini nasema hivi, na nitasema popote: hata wakati ule sikuona mchawi yeyote kwenye korido ile. Niliona mwanamke aliyefiwa, na watu waliotaka kumfukuza kwa sababu amefiwa.

Shangazi ndiye aliyesogea. Aliikunjua ncha ya leso, akajifunga vizuri kiunoni. Akafungua mnyororo. Akalifunga kapu la chapati mbele yake, juu ya tangi, si nyuma. Alipita katikati yao wote na hakuna aliyemzuia.

"Wamengoja chakula sana," alisema. Hakuwa anatuambia sisi.

Akapanda. Akageuza kichwa nusu tu, kama mtu anayezungumza na aliye nyuma ya bega lake.

"Shika vizuri," akanong'ona. "Leo nakubeba mimi."

Pikipiki ikatoka langoni. Ilikuwa imelemewa nyuma. Ilipopita tuta la barabarani, springi zililia kwa uzito wa watu wawili.

Alirudi jua likiwa bado juu, kapu tupu, uso umetulia kuliko nilivyouona tangu mazishi. Nilimsaidia kuifunga chini ya ngazi. Kiti kilikuwa kimepanda. Plastiki imenyooka. Nikainama kukikunja kikanyagio cha kushoto.

Kulikuwa na unga. Alama ya buti, kisigino na vidole, nyeupe, bado haijapeperuka. Mtaniambia Shangazi hupika chapati, na chapati ni unga. Hilo nililifikiria kabla yenu. Unga wa chapati ni wa ngano, laini kama poda. Huu niliusugua kwa vidole, ukakwaruza. Ulikuwa wa mahindi.

Cha kulia kilikuwa safi kama kilivyotoka dukani.

Nzivo hajataja tena habari ya kuhama. Chini ya ngazi hapiti, anazunguka. Shangazi bado anakaa mlango ule ule, na kila siku anatoka na chapati zake, kapu mbele, nyuma wazi.

Kwa hiyo nina ombi moja tu. Kama unauza petroli upande huu wetu, na aje mama wa leso aliyepakata kapu, mjazie aende zake. Usimwambie wa nyuma ashuke.